Bosi wa Asubuhi, Mhazili wa Mchana

Siku aliyoagwa kazini, Bi Nakala alifanya kosa moja tu, ila alilifanya mbele ya watu na kipaza sauti kikiwa mkononi. Hotuba zilikuwa zimekwisha. Mkuu wa idara, kijana ambaye mama huyu alipoanza kazi alikuwa hata hajazaliwa, alikuwa ameshamkabidhi saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Soda zilikuwa zimeanza kupoteza ubaridi. Wakamwomba aseme mawili matatu. Badala ya kushukuru na kukaa chini kama watu wenye akili zao, akavuta pumzi na kusema, "Sasa naenda nyumbani kuandika riwaya yangu."

Makofi yakapigwa. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Angeyasema hayo jikoni kwake yangeishia huko huko pamoja na moshi wa sufuria, lakini aliyasema mbele ya idara nzima, na kwenye kona kulikuwa na karani aliyekuwa akipiga picha za video.

Alikuwa mhazili. Vijana wa siku hizi hawalifahamu sana neno hilo, kwa hiyo tuwasaidie: mhazili ni yule mama wa chumba cha nje, anayekaa mbele ya mlango wa bosi na kukuuliza una miadi au umekuja tu. Bosi akisema, yeye huandika kwa hatimkato, yale maandishi ya vistari na mikunjo yanayokwenda sawa na mdomo wa mtu, kisha huketi akayachapa yakawa barua. Jina la Bi Nakala alipewa na matarishi, maana ukimpelekea karatasi yoyote, hata iliyofungiwa karanga, swali lake lilikuwa ni hilo hilo: "Nakala ngapi?" Alijua wanavyomwita na wala hakukereka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara, na huko hakuna aliyeliita.

Riwaya yenyewe hakuizua pale jukwaani. Alikuwa nayo tangu ujana wake. Ilimhusu opereta wa simu za zamani, mwanamke anayekaa mbele ya ubao wa nyaya akiwaunganisha watu, "Namba gani, tafadhali?" kutwa nzima. Kila asubuhi mwanamume mmoja humpigia akiomba namba ile ile, na namba hiyo haipokelewi kamwe. Hata hivyo mwanamume huyo husema asante kabla ya kukata. Opereta anaizoea ile sauti, kisha anaingoja, kisha anaipenda. Mwishowe anaitafuta anwani ya mwenye sauti na kwenda kusimama mlangoni kwake. Bi Nakala aliijua hadithi hiyo nje ndani. Angekusimulia mkiwa mmesimama kwenye foleni ya benki, ungejikuta umepitwa na zamu yako. Kilichobaki, alidhani, ni kuichapa tu.

Alikaa peke yake. Hakuolewa, watu walikuwa wameshaacha kumuuliza kwa nini, naye alikuwa ameshaacha kutafuta jibu. Vyumba vyake viwili vilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi redio, na dirisha la sebuleni lilitazama ukuta wa ghala ambao mtu fulani aliwahi kuanza kuupaka rangi ya kijani akaishia katikati. Jikoni palikuwa na sufuria ndogo ya mtu mmoja, na sufuria kubwa iliyokaa juu ya kabati ikingoja wageni. Ile saa ya kuagwa aliitundika juu ya meza. Tiki taka, tiki taka, hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya nyumba.

Mtu wake wa damu aliyebaki alikuwa mdogo wake, aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi, katika nyumba iliyojaa watoto na wajukuu, nyumba ambayo mlango wake haujui kufungwa. Mama yao alipofariki, madada hawa walilia pamoja, wakaapa kupigiana simu kila Jumapili, na kiapo hicho mdogo mtu alikitunza vizuri kabisa. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Habari za riwaya zilipomfikia, kabla jua halijazama mtaa wote ulishajua ana dada mwandishi. Tangu siku hiyo simu zote zikawa zinaanza na swali moja.

"Dada, kitabu kimefika wapi?"

"Kinakuja, mdogo wangu."

"Haya, kaza mwendo. Huku tunakisubiri kwa hamu. Mkwe wangu anauliza kama na yeye yumo."

"Hayumo."

"Basi mtie hata awe anapita barabarani."

Kila mara walicheka, wajukuu wakapiga kelele huko nyuma, kitu kikaanguka na kuvunjika, mdogo mtu akasema "Ngoja nikawachape hawa," na simu ikakatika. Bi Nakala alibaki ameishika sikioni kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Ukweli ni kwamba kitabu hakikuwa kinakuja wala kinakwenda. Alijiwekea ratiba, kwa sababu watu wa ofisi huiamini ratiba kama wengine wanavyoamini dawa. Kila siku baada ya chai angeketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoachiwa na ofisi ilipoletewa mpya. Akaketi kweli. Akanyoosha mgongo, akaviweka vidole juu ya kibodi, kila kidole mahali pake, akangoja. Vidole navyo vikangoja. Alichapa "Sura ya Kwanza", akaipigia mstari, akaufuta mstari, akaenda kuangalia kama bomba linatoa maji. Alijaribu alfajiri, akajaribu jioni. Aliigeuza meza ikatazama mlango, kisha ikatazama ukuta, kisha akairudisha palepale huku mgongo ukimuuma. Hadithi ilikuwa imejaa kichwani, lakini ikifika mabegani inagoma kuteremka mikononi. Wiki zikawa miezi, na ile "kinakuja, mdogo wangu" ikazidi kunenepa na kuwa uongo kamili.

Ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Maisha yake yote alikuwa amemaliza kila kazi aliyopewa, na sasa hii moja aliyojipa mwenyewe ilikuwa inamshinda. Akaanza kuwaza kwamba labda hakuwahi kuwa na hadithi yoyote, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijifariji tu.

Aliyemwokoa ni mtangazaji wa mpira. Alasiri moja fundi redio alikuwa akijaribu spika kubwa ya mteja, na mtangazaji akawa anapasua dari. Bi Nakala alikuwa ameketi kama kawaida yake, vidole mahali pake, macho kwenye ukuta wa ghala, mawazo hayapo. Alipotupa jicho kwenye kompyuta, akakuta ukurasa umejaa. "Anauchukua mpira, anampa mwenzake, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anapiga, lo! Nje!" Koma zote zilikuwa mahali pake, na lile "lo" lilikuwa limewekewa alama ya mshangao kwa heshima zote.

Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kumbe vidole havikuwa vigonjwa. Vilikuwa vinamngoja bosi. Maisha yao yote havijawahi kuchapa neno ambalo halikusemwa kwanza na mtu mwingine, na hata sasa, mwenyewe akiwa na hadithi tele, vilikuwa vimekaa kwa adabu vikingoja mlango ufunguke na mtu aseme, "Andika."

Hapo akamkumbuka Bosi. Mabosi alikuwa nao wengi, ila huyu ndiye aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote, yule wa enzi za taipureta. Alikuwa mtu mzito wa mwili, asiyeweza kufikiri akiwa amekaa. Alitembea huku na huku chumbani, mikono nyuma, akihema, akisema barua zake pamoja na koma na nukta zake. Hakuwa mkali wala mpole, na hakuwahi kumwita Bi Nakala jina lolote ila "mhazili". Akimaliza barua ya mwisho ya siku, alisimama dirishani, akampa mgongo, na kusema maneno yale yale: "Hayo tu, mhazili. Nenda nyumbani." Naye alikusanya kalamu zake, akachukua mkoba, akaondoka. Mabosi waliokuja baada yake walijichapia wenyewe, wakidonoa kama kuku, na kumwachia Bi Nakala mihuri na kuwakaribisha wageni. Imla ilikufa kabla yeye hajastaafu, na hakuna aliyeiandalia hafla ya kuagwa.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake vya kazini, vile vyeusi vya kisigino, kwa kuwa Bosi asingetembea na ndala. Akaiweka simu mezani, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akapeleka mikono nyuma. Akaona haya. Mlango umefungwa, dirisha linatazama ukuta, na bado akaona haya kama mtu aliyeingia choo cha wanaume. Akakohoa.

"Andika," akaiambia simu kwa sauti nene kidogo. "Sura ya Kwanza. Aya mpya. Opereta alifika kazini kabla ya wenzake, koma, kwa sababu alipenda kuzitazama nyaya zikiwa bado kimya, nukta."

Basi ikawa imeanza. Alitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, na kila alipogeuka hadithi iligeuka naye. Mchana akavua ubosi, akafunga nywele, akachomeka hedifoni, akaketi. Sauti ikaanza kusema sikioni mwake, na vidole vikaondoka mbio kama ng'ombe walioona maji.

Hivyo ndivyo ratiba ilivyopatikana. Asubuhi ni Bosi, mchana ni mhazili, na kila mmoja aliheshimu mipaka ya mwenzake. Mhazili hakubadilisha neno. Akiona jambo halijakaa sawa, aliweka alama ya kuuliza kwenye mabano, kama zamani, na asubuhi Bosi alimjibu: "Kuhusu alama yako ya jana, mhazili, uko sahihi. Koti lilikuwa la bluu." Siku nyingine walipishana. Mhazili hakupenda jinsi Bosi alivyokuwa akirefusha maelezo ya mvua. "Huyu leo kaamka na mvua zake," alinung'unika, lakini akachapa mpaka tone la mwisho, maana kazi yake ilikuwa kuchapa.

Chini, fundi redio naye alikuwa na masikio. Siku moja alimsimamisha Bi Nakala akitoka sokoni.

"Mama, habari za huko juu?"

"Nzuri, fundi."

"Na mgeni wako hajambo?"

"Mgeni gani?"

Fundi akajikuna kidevu kwa bisibisi. "Nasikia mtu anatembea na viatu kila asubuhi. Anaongea sana. Wewe sikusikii ukimjibu."

"Ni kazi tu, fundi," akasema Bi Nakala, akapanda ngazi upesi upesi na kikapu chake.

Lakini kazi ilikuwa inakwenda. Sura ya kwanza ilikwisha, ya pili ikafuata, na Jumapili sasa alikuwa na la kusema. "Opereta ameanza kuingoja ile sauti," alimwambia mdogo wake.

"Weee! Na mumewe je?"

"Hana mume."

"Safi sana. Endelea kuandika, usilale!"

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi. Bosi alikuwa amemaliza kipande chake, amesema nukta ya mwisho, ila kitufe alikuwa bado hajakibonyeza. Akaliona sweta limening'inia kwenye mgongo wa kiti, akasema kwa mzaha tu, "Na wewe mhazili, hapo dirishani kuna upepo. Vaa sweta." Akazima simu, akaenda kuosha vikombe, akasahau.

Mchana vidole vilikuwa katikati ya mwendo wao. Sauti ikasema nukta. Vikaweka nukta. Sauti ikasema, "Na wewe mhazili, hapo dirishani kuna upepo. Vaa sweta." Vidole vikasimama.

Aliinuka, akalivaa sweta, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha akarudi kuketi, akalia. Tangu mama yake alipofariki, hakuna mtu aliyewahi kumwambia avae sweta. Watu walimuuliza faili liko wapi, nakala ni ngapi, kitabu kimefika wapi. Kama anasikia baridi au hasikii, hilo halikuwa swali la mtu yeyote.

Asubuhi iliyofuata, Bosi alianza na salamu. "Mhazili, umekula?" Siku nyingine akauliza, "Umelala vizuri? Lile goti lako vipi?" akanyamaza kidogo ili kuacha nafasi ya jibu. Na mchana, Bi Nakala, hedifoni masikioni, alijibu kwa sauti katikati ya chumba kitupu: "Limepoa, asante." Alijua anajijibu mwenyewe. Hakuwa mwehu. Lakini mtu anayekula peke yake kila siku hasumbuki sana kuuliza swali limetoka wapi. Anafurahi kwamba limeulizwa. Akawa anaamka akiingoja saa ya mchana kama opereta wake alivyoingoja simu ya asubuhi.

Na kitabu je? Kitabu kilifika mlangoni kikasimama. Opereta alikuwa ameshapata anwani, ameshapanda ngazi, ameshainua mkono kubisha hodi. Bosi akamletea mvua. Siku ya pili kamba ya kiatu ikamkatikia. Siku ya tatu akapita mama mmoja aliyemsimulia mambo ya shemeji yake kurasa na kurasa, na shemeji huyo hakuwa na kazi yoyote katika riwaya. Mtoto wa watu alisimama pale na mkono juu mpaka ukimfikiria unamwonea huruma. Kila rekodi sasa ilikuwa salamu nusu nzima, kidogo cha mlangoni, na mwisho ni ule ule: "Tutaendelea kesho, mhazili."

Sababu aliijua, hata kama hakupenda kuitazama usoni. Opereta akibisha, mlango utafunguliwa. Mlango ukifunguliwa, kitabu kimekwisha. Kitabu kikiisha, Bosi hatakuwa na la kusema asubuhi, na nyumba itarudi kwa saa ya ukutani. Zamani aliogopa kwamba hataweza kumaliza. Sasa alichoogopa ni kumaliza kwenyewe.

"Bado yuko mlangoni?" mdogo wake aliuliza Jumapili.

"Mvua inanyesha."

"Hiyo mvua haikauki? Dada, huyo ataota kutu."

Bi Nakala akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu…"

"Ee?"

Kelele za wajukuu zilikuwa nyingi kule nyuma. Mtu alikuwa akilia kwamba amenyang'anywa kijiko.

"Hamna kitu. Wasalimie wote."

Haikupita wiki, hedifoni ikaharibika. Kwanza sikio la kushoto likafa, kisha la kulia. Angeweza kuisikiliza simu ikiwa mezani bila hedifoni, lakini alijaribu na haikuwa sawa. Sauti ilitoka mbali, ikatawanyika chumbani, haikuwa ya kwake tena. Akaiweka hedifoni kwenye mkoba pamoja na simu, akashuka kwa fundi.

Duka lilikuwa dogo, limejaa redio zilizopasuliwa matumbo, na lilinuka risasi ya kulehemu. Kwenye benchi walikaa wateja wawili wakingoja vitu vyao. Fundi akaipokea hedifoni, akaupindapinda waya wake karibu na sikio.

"Nipe na simu, mama, nipate kujaribu."

Alimpa bila kufikiri. Fundi akaichomeka hedifoni kwenye simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha, ili ajue kama ubovu uko kwenye simu au kwenye waya, akaichomoa hedifoni, akachomeka waya wa spika yake ya majaribio, akabonyeza. Bi Nakala alifungua mdomo kumzuia, akawa amechelewa.

"Mhazili, umekula?" spika ikauliza duka zima. "Usiniambie chai. Chai si chakula. Jana pia hukula, nakujua wewe. Kula kwanza, kitabu hakikimbii. Na mimi nipo. Siendi popote."

Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, nene kidogo, ya upole ambao hakuwahi kumsemesha nao mtu.

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Lo! Huyu bosi anampenda kweli huyu mhazili wake! Mchezo gani huo, fundi? Unarushwa saa ngapi?"

Bi Nakala alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Akautazama mkoba wake. Fundi hakuinua kichwa, na hakumtazama. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ikitembea juu ya dari yake kila asubuhi. Akanyoosha mkono polepole, akazima.

"Mchezo wa redio," akasema. "Wa zamani. Haurushwi tena."

Mteja akasikitika kidogo, akarudi kwenye mambo yake. Fundi akakata kipande cha waya, akalehemu, akapuliza, akajaribu kwa sikio lake mwenyewe sekunde chache tu, akaikunja hedifoni vizuri. "Ilikuwa imekatikia ndani," akamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa utasikia vizuri, mama."

"Asante, fundi."

"Mama." Akasita, bisibisi mkononi. "Hata mimi mchana huwa nipo tu hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Aliketi kitandani bila kuvua viatu. Kicheko cha yule mteja hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mteja alisema kweli: kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua kwamba mhazili hakula jana, na mtu huyo ni yeye mwenyewe, amejificha ndani ya simu. Akafungua rekodi za siku zilizopita, akasikiliza moja baada ya nyingine. Umekula. Umelala. Goti. Sweta. Mvua bado inanyesha mlangoni. Tutaendelea kesho. Akaanza kupandwa na hasira. Kazini aliwahi kuona mabosi walevi, mabosi wavivu, na mmoja aliyelala usingizi katikati ya barua ya kumfukuza mtu, lakini hata yule alipoamka aliimaliza barua. Huyu wa kwake alikuwa bosi wa namna gani?

Asubuhi Bosi aliingia kazini bila salamu.

"Andika. Aya mpya. Mvua ilikuwa imekatika, nukta. Opereta akabisha hodi."

Alitembea kwa kasi, visigino vikigonga sakafu. Mlango ulifunguliwa. Mwanamume alikuwa mzee kuliko sauti yake, na vifungo vya shati alikuwa amevikosea. Alimtazama mgeni wake bila kumtambua. Opereta alikuwa amepanga maneno safari nzima, maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na yote yakampotea. Likamtoka lile alilolizoea tu. "Namba gani, tafadhali?" Mwanamume akaishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Ni wewe," akasema. "Ingia."

"Nukta," akasema Bosi. "Mwisho."

Alikuwa amefika dirishani. Ukuta wa ghala ulikuwa palepale na rangi yake ya nusu. Nyuma yake simu ilikuwa ikiendelea kurekodi ukimya, na saa ikiuhesabu. Alijua kilichobaki kusemwa, na alijua kwa nini tangu mwanzo wa ratiba hii hakuwahi kukisema hata siku moja. Akapiga moyo konde.

"Hayo tu, mhazili," akasema, akiwa ameipa meza mgongo. "Nenda nyumbani."

Mchana aliketi, akachapa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichapa polepole, akirudisha rekodi nyuma ambapo hapakuwa na haja. Mvua ikakatika. Mlango ukafunguliwa. Ni wewe, ingia. Mwisho. Kisha zikasikika saa mbili kwa pamoja, ile ya ndani ya hedifoni na ile ya ukutani, na juu yake sauti ikasema hayo tu, mhazili, nenda nyumbani. Rekodi ikakatika.

Mikono ilifanya kama ilivyofanya maisha yake yote. Ikavua hedifoni, ikaifunika kibodi kwa kitambaa, ikakusanya kalamu, ikauchukua mkoba kutoka kwenye mgongo wa kiti, ikaitumbukiza simu ndani, ikautia begani. Akanyoosha mgongo, akatembea mpaka mlangoni, akashika kitasa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yuko nyumbani tayari, na hapakuwa na pengine pa kwenda.

Alisimama palepale na mkono kwenye kitasa. Kitabu alikuwa amekimaliza. Alilisema mara moja kwa sauti, "Nimemaliza," na chumba hakikumwuliza kitu.

Akatoa simu kwenye mkoba. Haikuwa Jumapili. Mdogo wake alipokea kabla haijaita vizuri.

"Dada! Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Umenishtua, moyo unanienda mbio! Unapigaje leo? Haya, kitabu kimefika wapi?"

"Kimekwisha."

Vigelegele vilimpasua sikio. Mdogo mtu alikuwa tayari anawaita watu, anawatajia majina, anawaambia dada kamaliza, dada kamaliza, njooni. Wajukuu wakaanza kushangilia bila kujua wanashangilia nini. Bi Nakala akangoja.

"Mdogo wangu."

"Dada, ngoja niwaambie na majirani…"

"Mdogo wangu, nisikilize." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Usiniulize tena habari za kitabu. Niulize kama nimekula."

Kelele ziliendelea kidogo kule nyuma. Kisha akasikia miguu ikitembea, na mlango ukifungwa, mlango wa nyumba ile usiojua kufungwa, na baada yake kimya. Mdogo wake alikuwa akihema karibu kabisa na simu.

"Dada," akasema. "Umekula?"

"Sijala," akasema Bi Nakala, akainama, akaanza kuvua viatu.